Chuma cha Muli

Alhamisi saa kumi alasiri, Nzilani alikuwa akipepeta ndengu uani kwake, Kathonzweni, Datsun 120Y ya Mzee Mulei ilipokata kona na kusimama langoni. Mulei alikuwa mzee wa kanisa na aliishi Emali. Ndani ya gari hamkuwa na mtu. Hata hivyo upande wa dereva ulikuwa umelala, kama kitanda alichokalia mtu mzito.

Nzilani aliendelea kupepeta. Marehemu mumewe, Muli, baba wa mtoto wao Kalondu, alikuwa pande la mtu, na Alhamisi ndiyo siku aliyokuwa akirudi kutoka Emali, saa hiyo hiyo. Ndengu zilipokwisha alileta chai, akaiweka juu ya boneti, upande wa kulia. Baada ya muda kikombe kilikuwa kitupu. Gari likageuza, likaenda zake.

Likaja tena Alhamisi ya pili, na ya tatu. Wengine wangeshukuru. Nzilani alishuku. Mwanzoni mwa mwaka huo wa 1981, Muli alipeleka pikapu yake, Datsun 1200, kwa Jonah, fundi wa Emali, ipakwe grisi tu. Siku mbili baadaye gurudumu la mbele, upande wa dereva, lilikunjika mteremkoni, pikapu ikapinduka na magunia tisa ya ndengu, Muli akafa. Jonah alisema marehemu alinuka pombe. Muli hakuwahi kuonja pombe, lakini uvumi una miguu mirefu. Ulifika kanisani kabla ya maiti. Mzee Mulei akatangaza kwamba kanisa haliombei kaburi la mlevi. Wakamzika kimya, bila hata wimbo mmoja, na hilo lilimuuma Nzilani karibu sawa na kifo chenyewe.

Alhamisi ya nne alitandika gunia, akalala chini ya gari. Muli alikuwa na mazoea yake: kila spea aliyonunua aliichonga kwa tupa alama ya ukoo wao, ile ile iliyokuwa kwenye mizinga yao ya nyuki, mistari miwili na nukta. Krismasi iliyotangulia kifo chake alikuwa amenunua chuma kipya cha kushika gurudumu la mbele, la kulia. Nzilani alikitazama juu ya uso wake. Mistari miwili na nukta.

Kesho yake alikwenda Emali.

"Mama Kalondu, hii mambo ya gari huwezi jua," alisema Jonah bila kutoka chini ya lori. "Chuma ya 1200 haiwezi ingia kwa 120Y. Bolti zinakataa."

"Na ile alama?"

"Hiyo ni kutu."

Ukutani palikuwa na ubao alioandika mwenyewe kwa chaki: SPEA ZA 1200 NA 120Y NI MOJA. Nzilani aliusoma mara mbili, akaenda kumweleza Mzee Mulei na kuomba kaburi liombewe.

Wazee wa kanisa walikaa kikao. Hakuna aliyeshangaa kwamba gari lilijiendesha. Walichouliza ni kama lilifanya hivyo Jumapili, wakaambiwa la. Wakaamua gari liruhusiwe kwenda Kathonzweni kila Alhamisi. Chuma kisitolewe, maana Mzee Mulei angefikaje ibadani? Na habari ya kaburi ilikuwa imeshafungwa kwa maombi, haingefunguliwa. Jonah, aliyekuwa kiongozi wa kwaya, alifunga kikao kwa wimbo.

Tangu hapo Mzee Mulei huja na gari lake. Hukaa kiti cha abiria, Biblia mapajani, kwa kuwa kile kingine kina mtu. Nzilani huleta vikombe viwili.

"Mzee, mtakuja kumwombea lini?" huuliza kila mara.

"Tutaangalia, Mama Kalondu. Hii chai iko sawa sana."

Kaburi liko hatua thelathini kutoka langoni. Mzee Mulei huligeuzia kisogo anapokunywa. Chai ikiisha, Nzilani huzunguka upande wa kulia, huinama dirishani penye kiti kilichobonyea.

"Enda pole pole, Baba Kalondu," husema. "Leo uko na chuma yako."

Mzee Mulei hufungua Biblia, husoma mpaka Emali.