Mstari wa Mia Nne

Asubuhi ile karani wa mauzo alipewa kazi moja tu: achapishe orodha ya mawakala, idadi ya taa za sola alizouza kila mmoja na jumla ya fedha zake, kabla ya kikao cha saa nne. Safari hii wa mwisho angeachishwa kazi. Na wa mwisho, kwa mwezi wa tatu mfululizo, alikuwa shangazi yake.

Tena shangazi huyo huyo ndiye aliyempigania mpaka akaajiriwa. Alimganda meneja wiki nzima: "Mtoto wa kaka yangu anaijua kompyuta vilivyo, mjaribu tu." Akajaribiwa. Siku ya kwanza akaandika fomula mbili, moja ya kuhesabu mauzo ya kila wakala, nyingine ya kujumlisha fedha zake, ofisi nzima ikabaki mdomo wazi. Bwana mdogo kichwa kikamvimba. Tangu hapo hakuzigusa tena.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye benchi la koridoni, mkoba magotini. Karani akatoka kumsalimia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Usinionee huruma. Ila mwezi huu nilidhani nimejitahidi. Nilidhani nimeuza hamsini na tatu."

"Hamsini na tatu?"

"Karatasi ya awali mliyobandika jana inasema kumi na tisa. Basi nitakuwa nimechanganya."

Achanganye nini! Mwanamke anayekagua kila risiti mara mbili ndipo aikabidhi, hata kitabu chake cha risiti hufika cha mwisho kila mwezi! Karani alirudi mezani mbio, akashuka mpaka chini kabisa ya jedwali. Risiti za shangazi, kila taa mstari wake, zilianza mstari wa 382, zikaishia wa 434. Akabofya fomula. Fomula zote mbili zilisoma mpaka mstari wa mia nne, basi. Alipoziandika, mauzo ya mwezi hayakufika hata mia tatu. Biashara ikakua, fomula zikabaki pale pale, na kilichozidi kikakatwa kwa yule aliyeingizwa mwisho. Jumla kuu ya ofisi ilikuwa sawa, maana yenyewe ilisoma safu nzima. Kuilinganisha na orodha ya mawakala, nani alijisumbua?

Zilibaki dakika saba. Angeweza kurekebisha kimyakimya, shangazi akapanda, yakaisha. Lakini bonasi alizokosa miezi miwili ya nyuma je? Aibu ilimchoma. Akarekebisha fomula, akachapisha orodha upya, akabisha hodi kwa meneja.

"Bosi, fomula zangu zina kosa, miezi mitatu sasa. Shangazi ni wa pili, si wa mwisho."

Meneja aliipitia karatasi mpya.

"Barua yake ya kuachishwa nimeshaisaini, unajua?"

"Najua."

"Naichana. Yako ya onyo utaipata mchana. Nenda kamwambie mwenyewe."

Akaenda, akamweleza yote akiwa amesimama. Alitarajia matusi, au angalau msonyo.

"Kwa hiyo nilikuwa sahihi?" shangazi aliuliza.

"Ulikuwa sahihi. Miezi yote mitatu. Nisamehe, shangazi."

Shangazi akaufungua mkoba, akaufunga tena.

"Mwezi uliopita nilikwenda kwa daktari," alisema. "Nikamwambia akili imeanza kunitoka, hata hesabu zangu mwenyewe sizijui. Akanipa vidonge. Hata leo asubuhi nimevimeza."