Ushuhuda wa Mama Meshack

Joto la ukomo wa hedhi lilimwandama Aika mwaka mzima. Arusha ya Julai, watu wamevaa masweta mawili, yeye anajipepea kwa kitabu cha nyimbo. Usiku halali, mchana anamfokea hata paka. Daktari wa wanawake alimpima, akamweleza faida na hatari, akampa vidonge vya homoni. Mumewe, Elihuruma, akavitupa chooni. Yeye ni mzee wa kanisa, na alishaamua: mwanamke anayetaka kurudisha alichokifunga Mungu ana lake jambo. Wifi naye akaongezea kuwa vinaleta kansa, kwa sauti ya mtu aliyesomea.

Aika akarudi kwa daktari kimyakimya, akaomba plasta ya homoni, ile ya kubandika nyongani. Haikupita miezi miwili akawa analala mpaka kunakucha. Akaanza kucheka tena. Elihuruma aliyaona mabadiliko hayo akafurahi mno, kwa sababu muda wote huo alikuwa akimwombea.

Jumamosi alfajiri jumuiya ilisali nyumbani kwao Daraja Mbili. Baada ya neno, Elihuruma alisimama, kifua mbele.

"Wapendwa, Mungu amejibu. Mama Meshack, simama utoe ushuhuda."

Macho yote yakamgeukia Aika. Akisema kweli, plasta itabanduliwa leo hii, na ule usiku wa kuungua utarudi. Aliuhofia kuliko alivyohofia uongo. Akasimama.

"Bwana asifiwe. Niliombewa, na joto likaisha."

"Amina!" Vigelegele vikapigwa. Elihuruma alifuta machozi, machozi ya kweli kabisa, maskini, na hilo lilimuuma Aika kuliko yote. Tangu siku hiyo hata kuugua tena asingeweza.

Watu walipotawanyika, Nkasiogi, jirani anayeuza maziwa, alibaki jikoni kumsaidia kuosha vikombe. Jasho lilimtiririka shingoni, na asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi kali.

"Mama Meshack, na mimi naungua," alinong'ona. "Silali. Baba Naserian amehama chumba, anasema namnyima usingizi. Niambie ulifanya nini, dada yangu. Nitafanya hivyo hivyo."

Sebuleni Elihuruma alikuwa anapanga viti huku akiimba, mlango uko wazi. Aika alimtazama mwenzake. Jibu lilikuwa pale pale chini ya kanga yake. Angemtajia daktari tu, na mama huyu angelala. Lakini Nkasiogi akipona hatanyamaza. Atasimama kwenye jumuiya, ashukuru, amtaje daktari, na amtaje aliyemwelekeza.

"Niliomba tu," Aika akasema.

Nkasiogi aliinama juu ya beseni, akasuuza kikombe ambacho kilishasuuzwa.

"Mbona na mimi naomba kila siku," alisema. "Sasa mimi nimemkosea Mungu nini?"