Mjomba na Programu Mpya

Mkufunzi alikuwa ameshaonywa kabla hata hajafungua kompyuta yake. “Wengine watakufuata,” meneja alimwambia, “ila Mjomba ni kisiki. Ukimpiga teke, utaumia wewe.”

Mjomba ndiye aliyekuwa mkongwe kati ya watengeneza programu wa ofisi ile, waliotunza mfumo wa kupangia wagonjwa miadi hospitalini. Wote walimwita hivyo, hata meneja. Mkufunzi alikuwa ameitwa awazoeze programu mpya ya kuandikia msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, yenye uwezo wa kuusimamisha mfumo katikati ya kazi ili mtu achungulie ndani na kuona kilichoharibika.

Onyesho la kwanza, lililomulikwa ukutani, lilikwenda vizuri. Vijana walisogeza viti mbele, maswali yakamiminika. Mjomba alikaa nyuma, mikono kifuani. Mwishoni akauliza swali moja tu: “Hayo maandishi mekundu yanasema nini?”

Watu wakacheka, wakidhani anafanya mzaha. Yeye akainuka, akajiendea zake.

Swali lile halikumtoka mkufunzi kichwani. Maandishi yalikuwa ukutani, kila mtu anayaona. Mtu anayedharau kitu hakiulizii. Sasa huyu alitaka kujua nini?

Kesho yake akabeba kiti, akaenda kukaa kando ya meza ya Mjomba. “Shikamoo, Mjomba. Sikuja kufundisha. Nataka nione unavyofanya kazi.”

“Marahaba, mwanangu. Tazama tu, macho hayana pazia.”

Akatazama. Programu ya Mjomba ilikuwa ya zamani, lakini herufi zake zilikuwa nene kama maharage, nyeusi juu ya weupe. Mzee hakuitazama skrini moja kwa moja. Aliinamisha kichwa upande, kama anayesikiliza jambo mlango wa pili. Na programu mpya, mkufunzi akakumbuka, ilikuwa na herufi ndogo za rangi juu ya weusi.

Akasogea karibu, akashusha sauti. “Mjomba, nisamehe nikikosea. Jana ulikuwa unayaona yale maandishi?”

Vidole vya mzee vikasimama.

“Wekundu niliuona,” akasema. “Maandishi, hapana. Hapa katikati ya macho pana ukungu. Mke wangu ndiye pekee anayejua. Hawa wakijua, wataniambia nikapumzike. Nikapumzike kitu gani? Kichwa changu hakijachoka.”

Mkufunzi hakumpa pole. Alivuta kibodi, akafungua programu mpya, akaikuza mpaka mstari mmoja ukajaza nusu ya skrini, akageuza rangi. “Na sasa?”

Mjomba alisoma mstari ule kwa sauti, kisha wa chini yake. “Kumbe! Kumbe inakubali!” Akamnyang’anya kipanya. “Hiki kitufe kinafanya nini? Na nikirudi nyuma hatua moja? Nikiusimamisha mfumo hapa je?”

Maswali hayo yalimchosha mkufunzi kuliko ya vijana wote, na hakutamani yaishe. Mfumo wao ulikuwa na kosa sugu: mara kwa mara wagonjwa wawili walipewa saa ileile kwa daktari mmoja. Wakausimamisha mfumo pale miadi inapoandikwa, wakasogea hatua kwa hatua. Jioni haijaingia, kosa likaonekana: mfumo ulikuwa unaangalia nafasi, unakwenda kushughulika na mambo mengine, halafu ndipo unaandika jina. Katikati hapo mgonjwa mwingine alikuwa anaidandia nafasi ileile.

“Nimekitafuta kidudu hiki mpaka nimekiota,” Mjomba akanong’ona.

“Basi onyesho lijalo fanya wewe.”

“Kwa macho haya?”

“Kwa hayo hayo.”

Mzee alilala na wazo hilo, akalikubali. Siku ilipofika alisimama mbele ya wenzake, herufi ukutani kubwa kama za bango. “Macho yangu yanapungua,” akasema. “Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, maana nikianza kufundisha sitaki kelele.”

Hakuna aliyecheka. Meneja alikuna kidevu, akamuuliza kama ameshamwona daktari wa macho au bado, kisha akavuta kiti akaketi kama mwanafunzi. Mjomba akaendelea. Wakati mmoja alibonyeza pasipofaa, kila kitu kikatoweka, na msichana wa mbele akamwelekeza pa kubonyeza, kazi ikasonga.

Walipotawanyika, Mjomba alimshika mkufunzi mkono mlangoni.

“Na kusoma kwa sauti je? Yaani hii programu, inaweza kunisomea msimbo wangu?”

“Sijawahi kujaribu,” akakiri mkufunzi.

“Hata mimi. Hebu turudi ndani.”