Gunnar Mlipa Kodi

Ardis Nygren alipofungua duka lake la mtandaoni aliweka picha za masweta ya watoto wachanga, ya waridi na ya samawati, kisha akakaa kungoja wateja. Wateja hawakuja. Kaskazini mwa Minnesota baridi inauma mpaka kwenye meno, ni kweli, lakini huko kila mtoto anazaliwa akiwa na bibi, na bibi asiyejua kufuma sijui kama yupo.

Aliyemfungulia njia ni Verna Haugsrud, shoga yake wa ng'ambo ya barabara. Verna alikuwa na Gunnar, mrefu wa kiwiliwili, miguu mifupi kama ya kochi, tumbo linafagia theluji. Siku moja alimwomba Ardis amfumie sweta, maana mtoto anatetemeka. Neno hilo la mtoto hakulisema kwa mzaha. Mumewe alikwisha kufariki, mwanawe wa kumzaa kahamia Arizona kwenye jua, simu zake ni za Krismasi. Wa kumsikiliza Verna jioni na kulala miguuni pake alikuwa Gunnar. Mtu akimwambia "mbwa wako", Verna aligeuka nyuma kutazama, kana kwamba kuna mbwa kaingia uani.

Basi Ardis akafuma sweta jekundu la mikono minne. Verna akampiga Gunnar picha, akairusha mtandaoni, na hapo ndipo duka lilipochangamka. Watu waliopita kwenye masweta ya watoto bila kugeuza shingo sasa walileta vipimo vya migongo na vifua vya mbwa wao. Ardis akawa anaweka sindano chini wakati wa kula tu.

Kodi ya mauzo hakuwa akiiongeza juu ya bei, kwa sababu kila mtu Minnesota anajua nguo hazitozwi. Lakini Ardis ni mtu anayependa usingizi wake. Akapiga simu ofisi ya kodi ya jimbo kuhakikisha, akapokewa na bwana mmoja mwenye sauti ya upole, aliyemuuliza nguo zenyewe zinavaliwa na nani.

"Kwa mfano hii ninayoifuma sasa," Ardis akasema, "inavaliwa na Gunnar."

"Gunnar ni nani, mama?"

"Ni wa jirani yangu."

"Huyo Gunnar ana miguu mingapi?"

Ardis akaitaja. Bwana akamweleza, tena bila kumcheka, kwamba nguo ya mtu ndiyo isiyotozwa kodi. Ya mbwa ni bidhaa kama mnyororo wake na bakuli lake. Ajiandikishe, apewe namba, kila mnunuzi amtoze kodi juu ya bei, aiweke kando, aipeleke serikalini. Hela hizo si zake, zinapita tu mikononi mwake.

Kujiandikisha hakukumsumbua. Kwa masweta yaliyokwisha kuuzwa alitoa kodi mfukoni mwake, maana kumfuata mtu aliyekwisha kulipa aliona haya. Taabu ilikuwa Verna, aliyekuwa ameagiza sweta jingine, la rangi ya chungwa inayoonekana kwa mbali, ili msimu wa kuwinda paa asije mtu akamfyatulia Gunnar risasi. Utamwambiaje mwanamke kwamba serikali imemtazama mwanawe ikaona mbwa?

Alifikiria kumlipia kimyakimya. Lakini duka hujiandikia stakabadhi lenyewe, na kodi ikakaa pale chini kwa herufi nene. Akavuka barabara nayo. Wakanywa kahawa, wakaisema theluji, Ardis akakataa keki mara mbili na ya tatu akaikubali, kama inavyotakiwa. Ndipo Verna akavaa miwani.

"Hii nini tena?"

"Kodi."

"Nguo hazina kodi, Ardis."

"Za watu, shoga."

Verna akamtazama Gunnar, akamtazama Ardis. "Haya," akasema, akalipa.

Sasa, haya ya kule ni mlango uliofungwa taratibu. Siku zilizofuata Verna alimpungia mkono Ardis kwa adabu, adabu iliyozidi. Akarudisha bakuli la Ardis likiwa limeoshwa, linang'aa, ndani hamna hata biskuti moja. Ardis akashika sindano zikamgomea. Akawaza kuyaondoa masweta ya mbwa dukani. Mbwa wa watu wote wavae vizuri naye abaki hana shoga, faida ilikuwa wapi?

Kabla hajayaondoa, Verna aliingia na Gunnar kwenye sweta la chungwa, akaketi bila kuvua viatu vya theluji, jambo ambalo hajalifanya maishani.

"Yule mjukuu wa kina Lindemoen," akaanza, "sweta lake walilonunua kwako juzi ulilitoza kodi?"

"Hapana. Ni mtoto."

"Na huyu wangu wa Arizona, anailipa nini Minnesota?"

"Hata senti."

"Na Gunnar?"

"Gunnar analipa."

"Basi nani raia hapa?" Verna akauliza.

Ardis akaangua kicheko, akaona mwenzake hacheki, akakibana. Verna alitaka stakabadhi iandikwe upya kwa jina la Gunnar Haugsrud, aiweke kwenye fremu karibu na picha ya marehemu. Alikuwa na sharti pia.

"Na usithubutu kumlipia, nakujua wewe. Mwanangu hadaiwi na mtu."

Ardis akaandika palepale, kwa mwandiko wake mzuri. Wiki ile, chini ya masweta ya mbwa, aliongeza mstari dukani: kodi ya jimbo iko juu ya bei, na mvaaji ni mlipa kodi. Wateja wakaanza kumtumia majina ya mbwa wao yatiwe kwenye stakabadhi.

Siku ile Verna alipokuwa akiaga, na kule kuaga huchukua muda, gari la kukwangua theluji likapita barabarani. Gunnar akatoka mbio kulibwekea. Ardis akataka kumwita arudi.

"Mwache," Verna akasema. "Barabara hiyo naye analipia."