Siku Zulayho Alipojaza Vikombe

Zulayho, mtoto wa kaka yangu, sukari ikimshuka huwa mgomvi. Hatetemeki kwanza wala hasemi ana njaa, anaanza kwa kukutafutia maneno. Atakuuliza kwa nini umeuweka ufagio pale. Atakuambia tangu azaliwe hajaona mtu anayekunywa chai kwa kelele kama wewe. Mgeni angemjibu na wangegombana. Sisi wa nyumbani tunamtazama mdomo wa juu. Tukiona vijasho, tunanyamaza na kumpa kitu kitamu, na baada ya kitambo anakuja kuniegemea begani na kuuliza, "Shangazi, nilisema nini?"

"Umenitukana mimi na mababu," namjibu. "Mababu wamekusamehe."

Ikipanda ni mambo mengine. Anakuwa mpole na mzito, anakunywa maji bila kutosheka, na kila neno linamchosha. Kwa kweli mimi nampenda zaidi akinigombeza.

Amekuwa hivyo tangu ana miaka tisa. Insulini yake inakaa kwenye friji, nyuma ya bakuli la mtindi. Watu hudhani ukishajichoma sindano mambo yamekwisha. Thubutu! Leo amekula kama jana, amejichoma kama jana, na kipimo kinasema jambo jingine kabisa. Akiudhika, inapanda. Akibeba maji ya kumwagilia nyanya, inashuka. Msimu wa matikiti ndio usiseme, maana hapa mjini kwetu Margilan tikiti moja linalewesha nyumba nzima kwa harufu. "Kipande chembamba tu, Shangazi, chembamba kama jani," atasema, kisha anakata kipande kipana kama soli ya kiatu. Halafu mchana kutwa tunapima, tunachoma, tunangoja, tunapima tena. Nikiwa na hasira naulaani ugonjwa huu kwa sauti, peke yangu, mbele ya tanuri langu la mkate.

Sisi wa ndani tulijua. Nje hakujua mtu. Mavjuda, mama yake, alikuwa ameamua kwamba msichana mgonjwa haposwi, na akishaamua jambo huyo wifi yangu ni ukuta.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," nilimwambia.

"Na mtangaza maradhi bintiye huzeekea nyumbani, wifi."

Hapo alinipata, kwa kuwa aliyezeekea nyumbani humo ni mimi, na sikuwa hata na mafua.

Basi akatokea Elmurod. Zulayho anafuma hariri katika karakana iliyo nyuma ya soko, na Elmurod ndiye anayetia nyuzi rangi hapohapo. Mikono yake ni ya bluu mpaka kwenye viwiko. Siku moja Zulayho alirudi na alama ya bluu kwenye mkono wa gauni lake, akanikataza katakata nisiifue. Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Alimtaka yule kijana, na nilimwombea Mungu ampate.

Shida ilikuwa mama wa kijana. Hosiyat ni mjane, na mtaa mzima unajua anavyochunguza adabu. Inasemekana aliwahi kuondoka nyumba ya watu kwa sababu binti alishika birika kwa mkono wa kushoto. Alipotuma neno kwamba Jumapili baada ya sala ya adhuhuri atakuja kumtazama Zulayho, Mavjuda alihangaika kana kwamba anakuja waziri. Sindano na kipimo akavitumbukiza ndani ya gunia la mchele, akabakiza sindano moja tu.

"Leo nyumba hii haina mgonjwa," alisema. "Zulayho, umenisikia? Utajichoma sindano yako ya mchana, utakula kama watu, halafu utavaa gauni la hariri. Na neno sukari nisilisikie, hata la kwenye chai."

"Wakiniuliza jina je?" Zulayho alisema. "Nalo nilifiche?"

Washenga walikuja kabla ya wakati. Zulayho ndiyo kwanza alikuwa amejichoma sindano jikoni na kuvuta bakuli lake la supu. Mimi nilikuwa uani nabandika mikate kwenye tanuri. Lango likagongwa. Mavjuda akamkamata binti yake mkono na kumwinua.

"Mama, nimeshajichoma."

"Utakula baadaye. Hawakai hao. Vaa!"

Yeyote aliyewahi kuishi na insulini anajua kwamba ikishaingia mwilini haijui baadaye. Mavjuda anajua kuliko wote. Lakini hofu ilikuwa imemkaba, na mimi sikuwapo jikoni. Nilikimbia kuwapokea wageni, mikate nikaiacha kwenye moto, na sitaki kusema iliishia vipi.

Hosiyat aliingia, mrefu, kimya, kitambaa cheupe kichwani. Nyuma yake alikuwa binamu yake Muattar, mwanamke ambaye akianza kuzungumza hata saa ya ukutani inasimama kumngoja. Waliweka furushi lao la mikate katikati ya kitambaa cha chakula kilichotandikwa chini, kati ya lozi na jamu ya cheri. Sote tukajifanya hatulioni, kwa kuwa mkate wa washenga hauguswi mpaka wenye binti wakubali posa. Siku ukivunjwa, binti kapata mume.

Zulayho akaingia na birika. Alikuwa mzuri, jamani. Alisalimu kwa kuinama, mkono kifuani, na Hosiyat akaitikia kwa kichwa. Maneno yakaenda, Muattar akatueleza harusi ya jirani yake tangu kuku wa kwanza kuchinjwa. Kisha ukafika wakati wa kumimina chai.

Kwetu chai ya heshima ni kidogo, ya kufunika kitako cha kikombe tu, ili mgeni arudishe kikombe tena na tena na kila mara aanze kuhudumiwa upya. Kikombe kikijazwa, maana yake ni moja: kunywa uende zako. Hata mtoto anayetambaa anajua.

Zulayho alikijaza kikombe cha Hosiyat mpaka ukingoni, akampa kwa mikono miwili.

Muattar akanyamaza katikati ya harusi.

"Amepitiwa," Mavjuda akacheka, kicheko kikavu. "Aibu ya wageni. Mwanangu, mimina upya."

"Nimimine upya kwa nini? Kwani hiyo si chai?"

Nikamtazama mdomo wa juu. Vijasho. Nikamtazama Mavjuda, naye akanitazama kwa macho ya kusihi, kama anayesema wifi, tafadhali, dakika moja tu wataondoka. Nikajaribu njia ya uwongo.

"Zulayho, hebu njoo jikoni unisaidie."

"Nikusaidie nini? Mikono yako imekwenda wapi?"

"Astaghfirullah!" Muattar alishika kifua. "Shangazi yake huyo!"

Zulayho akamgeukia na kummiminia naye. Alimimina, akaendelea kumimina, chai ikafurika kwenye kisahani, ikatiririka juu ya kitambaa kuelekea lozi, naye akiitazama tu kana kwamba inamwagika nyumba ya jirani. Muattar akavuta gauni lake pembeni. Hosiyat hakukitazama kikombe. Alimtazama msichana usoni, na akanyoosha mkono akalipokea birika kabla halijaanguka.

Zulayho akakaa chini kwa kishindo. "Mama," alisema, kwa sauti ya mtoto mdogo, "sioni vizuri."

Nilikuwa nimeshainuka, lakini Mavjuda alinitangulia. Yeye aliyeficha kila kitu, aliyezika sindano ndani ya mchele, aliruka juu ya kitambaa cha chakula, akachota jamu kwa vidole na kumtia mwanawe kinywani.

"Meza, mwanangu. Meza. Tena. Hivyo hivyo. Meza." Akamnywesha majimaji ya jamu ile kidogo kidogo, akamfuta kidevu kwa ushungi. Hakujali tena nani anaona. Kisha, alipomwona macho yameanza kutulia, akanipigia kelele, "Mkate, wifi! Lete mkate!"

Jamu hupandisha upesi lakini haikai, lazima ifuatiwe na mkate. Na mkate wetu nimeshawaambia uliko. Sikufikiri. Nikalifungua furushi la wageni, nikauvunja mkate wa juu vipande viwili, nikamtia Zulayho kimoja mkononi.

"Amevunja mkate!" Muattar alipiga ukelele. "Hosiyat! Hawa watu! Sasa tumefukuzwa au tumekubaliwa?"

"Nyamaza, Muattar," Hosiyat alisema.

Zulayho akatafuna. Rangi ilimrudi usoni taratibu. Akatazama kitambaa kilicholowa, vikombe vilivyofurika, mkate uliovunjika, akaelewa.

"Kipimo changu kiko wapi?"

Mavjuda alifumba macho. "Kwenye gunia la mchele."

Nikaenda kukifukua. Zulayho alijidunga kidole mbele ya wageni wake, akasoma, akanionyesha. Ilikuwa inapanda. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

"Hakula vizuri asubuhi," Mavjuda akaanza kumwambia Hosiyat. "Ni hili joto tu, na haya ya..."

"Mama, basi." Zulayho alijifuta jamu. Alikuwa mweupe bado, lakini sauti ilikuwa yake. "Nina kisukari, mama," akamwambia Hosiyat. "Kile cha sindano, tangu nikiwa mtoto. Hakiponi. Niwieni radhi kwa chai, sikuwa nikiwafukuza. Na Elmurod anajua. Nilimwambia mwenyewe, akasema atawaambieni kabla hamjaja. Naona hakuthubutu."

"Elmurod?" Hosiyat alisema. "Huyo hathubutu kuniambia hata viatu vikimbana."

Hatukujua kama tunaruhusiwa kucheka.

Hosiyat alikishika kikombe chake kilichojaa, akanywa kidogo, akakiweka chini. Nilimwona Zulayho ameukunja mkono wa gauni lake, anaubana kwa vidole, naye hakulia. Ningeweza kumpigia magoti yule mwanamke, mimi ambaye sijawahi kumpigia mtu magoti.

"Watoto je?" Hosiyat akauliza.

"Daktari anasema wanawezekana, kwa uangalizi mkubwa."

"Na usiku?"

"Usiku vipi, mama?"

"Sasa hivi umetugombeza, tukaona, tukakulisha. Usiku umelala. Utamgombeza nani?"

Hakuna aliyewahi kutuuliza hivyo. Madaktari walikuwa wameuliza mikate, uzito, sindano. Mavjuda ndiye aliyejibu, akitazama magoti yake.

"Mimi," alisema. "Huwa naamka, namshika. Tangu alipougua sijalala usiku mzima."

Mimi ninayejidai kujua kila kinachotembea katika nyumba hii nilikuwa nikisikia mlango wake na kudhani anaamka kusali.

"Kila usiku, Mama?" Zulayho aliuliza. "Mbona sijawahi kujua?"

"Unalala kama gogo. Utajuaje?"

Hosiyat akasogea, akapita juu ya chai iliyomwagika bila kuitazama, akapiga magoti karibu na msichana na kukunja mkono wa gauni lake mwenyewe.

"Elmurod naye ni gogo," alisema. "Huyo usimtegemee, dada. Mimi tangu baba yake afariki usingizi wangu ni wa kuku. Unamshika wapi? Nionyeshe."

Mavjuda aliutazama ule mkono wa mwanamke mwingine, mkavu, wenye kucha zilizoliwa na kazi, aliutazama muda mrefu. Miaka yote aliogopa kwamba hakuna atakayemchukua binti yake. Sasa ametokea wa kumchukua, na niliona usoni mwake kwamba hofu hii ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza. Nilidhani atasema hapana.

Akaushika mkono wa Hosiyat. Akasogeza nywele za Zulayho na kuuweka nyuma ya shingo, chini kabisa ya misuko.

"Si kwenye paji la uso," alisema. "Paji linadanganya. Hapa. Pakiwa pakavu na pana joto, mfunike ukalale. Pakiwa na jasho la baridi, usingoje, mwamshe umpe kitu kitamu. Atakutukana."

"Atukane."

"Na ukiwa huna hakika, kaa naye. Usirudi kulala kama huna hakika."

"Nitakaa," Hosiyat alisema. "Sasa hivi pakoje? Hivi ndivyo panavyotakiwa kuwa?"

"Subiri," Mavjuda alisema. "Bado pana unyevu. Subiri pakauke, ujue tofauti."

Zulayho aliinamisha kichwa, kipande cha mkate mkononi, machozi yakimdondokea mapajani. Mimi nililia bila kujificha. Wale wanawake wawili walingoja, mkono juu ya mkono, na hata shingo ilipokauka Mavjuda hakuuondoa wake, wala Hosiyat hakumharakisha.