Ndoo ya Simu

Sheria ya simu niliileta mimi. Nilichoshwa na wanafunzi kuinamia mapaja chini ya dawati, nikasimama kwenye kikao nikasema: anayekamatwa na simu, ivunjwe kwa nyundo paredini Ijumaa. Na walimu nao waache zao kwa mkuu mpaka kengele ya mwisho, tusije tukaambiwa tunaonea watoto. Mkuu wetu, Mwalimu Anthony, alifurahi akanunua ndoo yenye mfuniko siku ile ile.

Ijumaa hii ndoo ilikuwa imefungiwa ofisini, simu yangu ndani yake, na mkuu ameondoka na ufunguo kwenda kikaoni Njombe. Mwanangu Timoth, aliyekuwa kwa bibi yake Makete, alishikwa na tumbo usiku. Alfajiri mume wangu Edward, aliyekuwa naye huko, alinipigia kuwa wanampeleka hospitali ya Tandala, huenda akapasuliwa. Ningeomba ruhusa ya kubaki na simu ningepewa. Lakini kuivunja sheria yangu mwenyewe wiki ya pili? Kiburi kikanikaba, nikaitumbukiza.

Kwa hiyo nilikuwa Kidato cha Tatu, nafundisha mvua. Niliandika nikafuta, nikaandika tena. Upepo wa Makambako ulikuwa unagongesha bati lililolegea, na kila lilipogonga niligeuka. Nilimfokea Janeth kwa kukohoa.

"Madam, unaumwa?" akauliza.

"Mwanangu yuko kwenye upasuaji," nikasema, na sikuwa nimepanga kusema. "Sijui lolote. Andikeni. Natoka kuomba simu dukani."

Kisha Shedrack, niliyempekua mara mbili wiki hiyo nisipate kitu, akainama, akachomoa simu ndogo ya kitochi kwenye soksi, akaniletea kwa mikono miwili. "Tumia hii, madam."

"Hiyo haina salio," Janeth akasema, naye akaingiza mkono ndani ya sweta. "Yangu ina dakika."

"Kasimame pale kona," sauti nyingine ikasema. "Ndipo mtandao unaposhika."

Nilipaswa kukasirika. Nilitamani kucheka na kulia. Nikachukua ya Janeth, yenye stika ya kipepeo mgongoni, nikapiga namba ninayoijua kwa kichwa.

"Mama Timoth, nimekupigia mpaka nimechoka," Edward akasema. "Ametoka salama. Anakuulizia." Nyuma yake nilimsikia Timoth akilalamika kiu.

Nilipogeuka, mkuu alikuwa mlangoni, amesharudi kutoka Njombe.

"Simu ya nani hiyo?"

Janeth alishaanza kusimama. "Kaa," nikamwambia. "Yangu, mkuu."

"Yako iko kwenye ndoo."

"Ninazo mbili."

Alikitazama kipepeo, akanitazama mimi. Si mjinga yule. "Ya ziada tunaivunja, kama za wanafunzi," akasema taratibu. "Ipi ni ya ziada?"

Paredini nyundo niliishika mwenyewe. Niliivunja ile yangu kubwa iliyotoka kwenye ndoo, yenye picha za Timoth tangu anatambaa, na iliniuma. Hakuna mwanafunzi aliyecheka. Janeth alikuwa mstari wa mbele, analia bila kujificha.

Sikumrudishia yake. Sheria ni sheria, na mama yake anakaa Iwawa, si mbali na Tandala, nitamkabidhi yeye. Nikapanda gari kumfuata Timoth nikiwa nimeishika mkononi, nikiuliza kila kituo kama tumefika.

Tumepita Njombe ikaita. Kioo kikaandika: Mama. Nikapokea.

"Janeth," mwanamke akasema kwa kunong'ona, kabla sijafungua mdomo, "yule madam wenu mkali hajaikamata?"

Nikaihamishia simu sikio la pili. Akarudia, sasa kwa wasiwasi: "Janeth? Uko salama, mwanangu?"

Swali hilo nililibeba kifuani siku nzima.

"Yuko salama, mama," nikamwambia. "Ni mimi huyo madam."