Masega ya Injinia

Mjomba mtu alijiita Injinia, na ukoo mzima ukamwachia, maana kubishana naye ni kumpigia mbuzi gitaa. Lakini siku hiyo, jamani, aliumbuka! Na Kitindamimba, binti wa mwisho wa mama dobi, alikuwepo mwanzo mwisho.

Kivani cha mama cha kubebea mashuka ya hoteli kilikuwa kimefeli kipimo cha moshi. Kikifeli tena mchana ule, hoteli inampa kazi dobi mwingine. Kilichotakiwa ni masega tu, lile kopo la kwenye ekzosi linalochuja moshi.

"Niachie mimi, dada," Injinia alimwambia mama, kifua mbele. "Hiki kigari nakijua kama kiganja changu."

Kiganja gani hicho? Dukani, masega ya kwanza aliyochagua yalikuwa mapana kama sufuria la shughuli. Ya pili hayakuwa hata na tundu la kuchomekea sensa ya moshi. Muuza spea akachoka.

"Mzee, leta ya zamani tulinganishe. Magari ya umri huu, kila moja na lake."

"Yalishatupwa," Injinia akajibu haraka mno, macho darini.

"Nani aliyatoa, mjomba?" Kitindamimba akauliza, sauti asali tupu.

"Watu wazima wanaongea!"

Wakarudi mikono mitupu.

"Wale hawajui kazi," Injinia akamtangazia mama, aliyekuwa chumba cha pasi. Kitindamimba akamsonya kimoyomoyo, akaingia kwa kishindo, pwaa! Kidole cha mguu kikagonga lile dude la chuma lililozuia mlango usijifunge. Akapiga yowe. Yowe likakatikia njiani. Dude lina mdomo huku na mdomo huku, na ubavuni, chini ya rangi ya kijani, tundu la sensa.

"Mama, hili ulilitoa wapi?"

"Si mjomba wako? Alilikata garini zamani, eti linaibana injini pumzi, akaweka bomba tupu. Nikaona zito, nikalipaka rangi."

Injinia akashikwa na kikohozi cha ghafla.

Fundi wa kuchomelea akalirudisha mahali pake, kivani kikapita kipimo, mashuka yakaenda hotelini. Na yule bwana, bila haya, akasimama mlangoni pa chumba cha pasi: "Mnaona faida ya kutunza vitu? Mimi nilijua..."

Upepo ukavuma. Mlango, sasa hauna cha kuuzuia, ukambamiza usoni, paa!

"Hata mlango umechoka," akasema Kitindamimba.